Siku Askofu Alipomkanyaga Mwimbaji

Baba yangu ni kinyozi mwenye nywele zinazofika kiunoni. Wateja wapya wakiingia dukani husimama kwanza mlangoni, wakaitazama mashine ya kunyolea mkononi mwake, halafu wakazitazama zile rasta alizozifunga nyuma kwa kamba ya kiatu. "Kinyozi yuko wapi?" huuliza. Baba hujibu, "Ni mimi. Mpishi hali kila anachopika." Wakishacheka hukaa, na mtu akishakaa kwenye kiti cha Baba haondoki bila kusimuliwa habari za muziki.

Kunyoa anakuita kibarua. Kazi yake hasa ni udijei wa rege. Watu wengi wakisikia dijei wanadhani ni yule anayeweka santuri. Kwenye rege sivyo. Anayechagua santuri na kuziweka ni selekta. Dijei ndiye mwenye maiki, anayesema juu ya mdundo: anatania, anasifu, anaonya, na maneno yake yanapanda juu ya besi kama mtu anayerukia punda aliye kwenye mwendo. Ukikosea hatua unaanguka, na punda hakusubiri.

Selekta wake anaitwa Sindano. Jina alilipata kwa sababu ya ile sindano ya mashine ya santuri, lakini ukimwona kwa ubavu utasema hata mama yake angempa hilohilo. Baba jina lake la kazi ni Askofu, kwa sauti yake nzito na kwa kupenda kuitikiwa. Mama humwita hivyo akikasirika tu. "Askofu, taka hazijatolewa."

Santuri za rege zina desturi yake. Upande mmoja yupo mwimbaji. Upande wa pili ni mdundo uleule lakini mwimbaji ametolewa, imebaki besi na ngoma na mwangwi. Sisi tunauita upande mtupu, na hilo ndilo shamba la dijei. Selekta huanza na upande wa mwimbaji, watu wakaimba naye, halafu huigeuza santuri na dijei akaingia. Mwimbaji akiimba, dijei anafunga mdomo. Kusema juu ya sauti yake ni kumkanyaga, na kumkanyaga mwimbaji ni utovu wa adabu sawa na kumkatiza mama mkwe akiwa anaomba dua. Tena dijei hageuki nyuma kuangalia mashine. Watu anawapa uso, selekta anampa mgongo, kwa kuwa anamwamini. Baba alikuwa akisema dijei anayechungulia nyuma ni bwana harusi anayetafuta mlango kwa macho.

Wawili hao walikutana sokoni, mimi bado sijazaliwa. Baba aliuza mitumba chini ya turubai, na Sindano aliuza kanda meza ya jirani. Spika ya Sindano ilimfunika Baba asisikike na wateja. Siku ya kwanza waligombana. Siku ya pili Baba akaona kushindana na spika ni kushindana na mvua, akaanza kuita bidhaa zake ndani ya mdundo wa jirani: koti hili, mama, lina mifuko minne, mitatu yako ya siri na mmoja wa kumwonyesha mume. Watu wakajaa, na Mama yangu alikuwa mmoja wao. Anasema alikuja kununua sweta akaondoka na mwenye sweta, na sweta lenyewe lilikuwa na tundu.

Kutoka hapo wakakodi spika, wakapiga kwenye harusi, viwanja vya mpira na kumbi za shule. Wakachonga maboksi yao wenyewe ya spika, ya mbao, makubwa kama kabati. Kuna wakati redio ilimpiga Baba kila asubuhi, na mwalimu wangu aliniuliza kama hata nyumbani anazungumza kwa vina. Nilimwambia ndiyo, akitaka chumvi tunangoja mpaka apate kina cha chumvi. Walifika hata nchi za watu, wakarudi na picha na mafua. Baadaye vijana wakapenda muziki mwingine, Baba akafungua duka la kunyoa. Lakini Jumapili mchana maboksi hayakukosa pa kwenda, na Jumatatu asubuhi Sindano hakukosa kuja dukani kunywa chai na kubishana naye kuhusu jana.

Mimi nafanya kazi hapo dukani. Naosha vichwa, nafua mataulo, natia mashine mafuta, nafagia nywele za watu. Ni kazi ambayo mikono ikishaizoea, macho yanabaki hayana shughuli. Ndivyo nilivyoanza kuona. Birika lilipiga mluzi mpaka maji yakakauka, na Baba amekaa kando yake anasoma gazeti. Simu ilimlilia mfukoni, mteja akasema, "Fundi, simu," Baba akamjibu, "Karibu tena." Mzee mmoja akaagiza apunguzwe pembeni, mbele paachwe kama palivyo. Baba akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote, akaondoa mbele. Mzee alijitazama kwenye kioo kwa muda, akasema, "Haya. Umenirudisha darasa la kwanza."

Lakini lori likipita barabara ya nyuma, sisi wengine hatujalisikia bado, yeye anasema, "Lori hilo. Limebeba kokoto." Tukichungulia ni kweli. Nikaelewa kwamba masikio yake hayakufungwa yote. Sauti nene zinaingia, nyembamba zinabaki nje. Miaka yote ile alisimama kando ya zile spika ndogo za juu zenye sauti kali, nazo zilimla polepole kama nondo anavyokula sweta kabatini. Sauti yangu ni nyembamba. Nikimwita nikiwa nyuma yake hageuki. Nikisimama mahali ambapo kioo kinamwonyesha midomo yangu, anajibu vizuri kabisa.

Nilimwambia Mama jikoni. Aliendelea kumenya vitunguu.

"Ndiyo kwanza umeona leo?"

"Kumbe unajua?"

"Nimeolewa na yule mtu, nitakosa kujua? Hukuona nimehamishia kiti changu dirishani? Nikisema, mwanga unanipiga mdomoni, anasoma kama gazeti."

"Aende hospitali basi."

"Alikwenda. Alipewa kidude cha kuvaa sikioni. Kimo ndani ya soksi ya kijani, na anafikiri sijui. Anasema kinaifanya besi ilie kama debe."

"Na Sindano?"

Mama aliweka kisu chini. "Sindano hajui, na babako hataki ajue. Dijei asiyesikia! Nani atampa maiki, mwanangu? Na bila maiki huyu mtu atabaki nini? Atabaki kinyozi anayewanyoa watu mbele wakitaka paachwe. Ulichoona umekiona. Kimeze."

Nikakimeza. Na kwa kuwa nilijua, Jumapili nilianza kumwangalia Baba jukwaani kwa macho mengine. Alikuwa amejificha ndani ya desturi. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya boksi la besi, watu wakadhani ni mikogo. Besi ikianza kutikisa mbao, huo ni upande wa mwimbaji, ananyamaza na kuyumba. Besi ikikatika, Sindano anageuza santuri. Besi ikirudi, zamu yake. Hakuhitaji kusikia sauti ya mwimbaji hata kidogo, mradi Sindano asibadilishe utaratibu, na Sindano ni mtu wa utaratibu mpaka anapiga pasi soksi.

Halafu ikaja Jumapili ya Chiriku.

Chiriku aliimba wimbo mmoja uliopendwa, zamani, akiwa msichana. Ni wimbo wa mwanamke anayeanika nguo za mtu aliyesafiri, kila asubuhi anazilowesha na kuzianika tena ili majirani waseme bwana yupo. Baba hakuwa na santuri aliyoipenda kuliko hiyo. Siku hizi Chiriku ni mama mtu mzima, anashona sare za shule, na watoto anaowapima mabega hawajui kwamba aliwahi kuimba. Sindano alimtafuta mpaka akampata, akaandaa mchana mzima wa kumheshimu kwenye ukumbi. Alimkalisha mbele kabisa. Chiriku alikuja amevaa gauni alilojishonea, pochi mapajani, miguu ameibana kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Sindano akaweka upande wa mwimbaji. Sauti ya msichana ikajaa ukumbini, na mwenye sauti amekaa pale chini anaisikiliza kama mzazi anayesikiliza mtoto wake akisoma mbele ya shule. Watu wazima walifuta macho. Wimbo ulipofika katikati hawakuweza kuvumilia, wakaanza kupiga viti na kuita, "Rudisha! Rudisha!" Kwenye rege ndivyo watu wanavyosema wakizidiwa na utamu, na selekta hukatisha wimbo akauanza upya. Sindano akainyanyua sindano akairudisha mwanzo. Upande uleule wa mwimbaji, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi.

Baba aliwaona watu wanapiga viti. Lakini vinywa vingi vikipiga kelele pamoja havisomeki. Chini ya kiganja chake besi ilikatika, kisha ikarudi. Akajua ni zamu yake.

Akaingia kwa sauti yote aliyojaliwa. Na maskini ya Mungu, alichokuwa anasema ni sifa. Alimsifu Chiriku jina, akamsifu gauni, akasema sauti yake ni maji ya mtungi, huku hiyo sauti yenyewe inaimba chini yake kama mtu aliyefunikwa godoro. Mwanzo watu walifikiri ameteleza, atanyamaza. Hakunyamaza. Wakaanza kuzomea. Baba alipoona mikono juu na midomo wazi, akadhani wamependa, akaongeza. Sindano alikuwa nyuma yake anamwita, "Wee! Askofu! Wee!" lakini mgongo hauna masikio. Mimi nilikuwa mwisho wa ukumbi, nimebanwa na watu, napunga mkono kama mwendawazimu. Naye akanipungia.

Chiriku alisimama, akashika pochi yake kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu hadi nje. Baba alipokiona kiti kitupu ndipo maneno yalipomkauka. Sindano akachomoa waya ukutani.

"Umemkanyaga!" Sindano alikuwa amezunguka mbele ya boksi, uso kwa uso na Baba. "Yupo hapa, anakutazama, umemkanyaga! Nimeirudisha kwa ajili yake, nawe hukungoja hata mstari mmoja!"

Nilimwona Baba akisoma. Nilimwona akielewa, uso ukimshuka polepole. Nikangoja. Neno moja tu lingetosha, na watu wa karibu wote walikuwa wamenyamaza kulisubiri.

Baba akasema, "Watu wamekuja kunisikiliza mimi."

Sindano alirudi nyuma kama aliyepigwa kibao. "Kumbe," alisema. "Kumbe miaka yote hii ninambebea maboksi mtu mwenye kiburi." Akaanza kukunja nyaya zake. Hakupandisha sauti tena. "Mimi na wewe basi. Nitatafuta dijei mwenye adabu."

Jumatatu chai ilipoa dukani, hakuna aliyekuja kuinywa. Jumatatu ya pili vilevile. Baba alinyoa watu kimya. Wateja walikuja na maneno ya mtaani: Askofu amevimba kichwa, Askofu amemwonea wivu mama wa watu. Yeye anaitika tu, "Ndiyo, ndiyo," na sikujua lipi alilisoma na lipi lilimpita.

Duka lilipobaki tupu nilisimama kwenye kioo.

"Baba, kwa nini hukusema?"

Hakujifanya haelewi. Alipuliza nywele kwenye meno ya mashine. "Mama yako kakwambia?"

"Birika limeniambia."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Mwenye kiburi watu wanamsema, wanamnunia, halafu wanamwita tena, maana wanamtaka. Kiziwi hawamsemi. Wanamwonea huruma, wanamshika mkono wamvushe barabara, na maiki wanampa mwingine. Sindano akijua, hataweka santuri tena, atakuwa ananichunga. Mimi sitaki kuchungwa na Sindano. Nataka abishane nami."

"Sasa habishani na wewe hata kidogo."

"Ndiyo hivyo."

"Na Chiriku je? Wewe umejifunika kwa kiburi. Yeye amejifunika kwa kitu gani? Anashona pale akijua umemwona si kitu, na ukumbi mzima umeshuhudia."

Baba aliitazama mashine mkononi mwake. Akaizima, ingawa ilikuwa imezimwa tayari. Akaiwasha tena, akaizima.

Kesho yake tulifunga duka mapema tukaenda. Chiriku anashonea kwenye chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Sare zimening'inia mpaka darini, na cherehani imewekwa kwenye mwanga. Tulimkuta ameinamia meza anabana kola ya shati kwa pini, nyingine kazishika kwa midomo. Mimi nilipoziona zile pini nikajua tumekwisha. Mtu mwenye pini mdomoni huzungumza bila kufungua midomo.

"Hodi, mama," Baba alisema.

"Umekuja kumalizia kunitukana?" alisema Chiriku, hata hakuinua kichwa.

Baba aliona taya likicheza. Akaitikia kwa unyenyekevu mkubwa, "Ndiyo, mama. Nilisema lazima nije mwenyewe."

Chiriku akainua kichwa. "Unajua ulivyonifedhehesha?"

"Asante, mama, tumekunywa nyumbani."

Nilitamani sakafu inimeze. Chiriku alinitazama mimi, akamtazama yeye. Akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja, akizichoma kwenye kimto chake cha pini. Alipomaliza alijifunika mdomo kwa kiganja kama anayekohoa, akasema taratibu, "Askofu, gauni langu lile lilikuwa rangi gani?"

Baba alisimama tu. Kisha akaona lile jicho juu ya kiganja, akajua anapimwa, na mabega yake yakashuka.

"Mama, umenikamata," alisema.

Chiriku akatoa mkono mdomoni. "Tangu lini?"

"Sijui. Sauti hazikuniaga. Ndege ndio walitangulia. Halafu birika. Halafu huyu," akanionyesha kwa kidevu. "Wewe sijui uliondoka lini, kwa kuwa wimbo wako naujua, na nilikuwa nikiona midomo ya watu inaimba na wewe, najua upo. Siku ile midomo yote ilikuwa inapiga kelele. Sikujua upo."

Sikuwahi kuambiwa kwamba nami nimo miongoni mwa vilivyoondoka. Niliinama nikaokota vipande vya uzi sakafuni, na palikuwa na vingi, nikashukuru.

"Kwa hiyo hukunikanyaga," Chiriku alisema.

"Nilikukanyaga, mama. Mguu ni wangu, hata kama sikuona ulipotua."

Chiriku alivuta kiti akakaa karibu naye, kwenye mwanga, na kuanzia hapo alizungumza akimwelekea usoni. "Magoti yangu yamekufa. Uzi nauingiza kwenye tundu la sindano kwa kubahatisha. Ungekuja siku ileile ukaniambia, 'Mama, uzee umeniingia sikioni,' tungechekana. Wewe ukaona afadhali mimi niamini kwamba si kitu."

Baba aliinama. Alishika magoti yake mwenyewe.

"Sindano anajua?"

"Hajui."

"Sitamwambia, si siri yangu. Nitamwomba tu afungue ukumbi Jumapili, na mimi nitakaa palepale. Ulinivua mbele ya watu, utanivika mbele ya watu. Ukifika pale ukasema tena habari za kiburi, nitajua ulikuja hapa kunipotezea muda, na mimi nina kola za kushona."

Sindano alikubali kwa ajili ya Chiriku. Alileta maboksi, akafunga nyaya, na hakumsalimu Baba. Ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Watu wanapenda muziki, lakini ugomvi wanaupenda zaidi. Mama alivaa vizuri, akakaa ubavuni mwa Chiriku. Usiku wa kuamkia siku hiyo Baba hakugusa chakula, na asubuhi alinyoa mteja upande mmoja akasahau wa pili.

Sindano hakuweka upande wa mwimbaji. Aliweka upande mtupu moja kwa moja, kama anayesema maliza twende. Baba aliweka mkono juu ya boksi, akaacha besi izunguke mara kadhaa mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akasema:

"Askofu hasikii, waumini nisikieni,
kengele ya baiskeli sijui inalia lini,
mke wangu akiniita naitikia jirani,
besi peke yake ndiyo imebaki ndani.
Chiriku nilimkanyaga, si wivu wala utani,
nilidhani upande mtupu, kumbe mama yu hewani!"

Sindano aliinyanyua sindano. Sikumwona akiamua, mkono uliruka wenyewe, kama wa mtu aliyegusa sufuria ya moto. Muziki ukakatika. Na watu wakadhani ni ile heshima inayopewa maneno matamu, wakadhani Askofu ametunga kichekesho kipya. Ukumbi ukalipuka. Wakapiga viti, wakapiga kuta, "Rudisha! Rudisha!" Mtu kaungama mbele yao na wao wanamtaka aungame tena.

Baba hakucheka. Kwake yeye palikuwa na jambo moja tu, besi imekatika. Hakujua amekatishwa kwa kupendwa au kwa kufukuzwa. Kiganja kilibaki juu ya mbao tupu. Nilimwona akikibonyeza, kama anayetafuta mapigo ya moyo wa mgonjwa. Na hakugeuka. Sijui ni desturi iliyomzuia au ni hofu ya kumwona Sindano anakunja nyaya.

Nyuma yake Sindano alikuwa amesimama, mkono hewani, sindano mkononi. Alimtazama Mama. Mama akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Alinitazama mimi, nami nikaitikia. Akautazama ule mkono wa kushoto juu ya boksi, mkono aliouona kila Jumapili na kuuita mikogo, na nikaona anarudi nyuma kichwani mwake, Jumapili moja baada ya nyingine, akiokota. Watu bado wanaita rudisha. Machozi yalikuwa yanamtoka Sindano na wala hakuyafuta, maana mkono mmoja ulishika sindano na mwingine ulikuwa umeziba mdomo.

Akaishusha. Mwanzo kabisa wa upande mtupu.

Mbao zikatikisika. Nilimwona Baba akivuta pumzi mpaka ndani ya viatu. Akasema tena yote, na safari hii akaongeza habari za mzee aliyerudishwa darasa la kwanza, na soksi ya kijani, na Mama aliyehamisha kiti, mpaka Mama akajifunika uso kwa khanga na Chiriku akawa anacheka huku anapiga pochi yake magotini. Watu waliocheka mwanzo wakaanza kuelewa mmoja mmoja. Ungeona mtu anacheka, anasita, anamgeukia jirani, halafu anapiga makofi taratibu zaidi.

Sindano alipoigeuza santuri na sauti ya Chiriku ikaanza, alikuja akamgusa Baba begani. Baba akafunga mdomo. Wimbo ukaenda hadi mwisho, na Baba akautazama wote kwenye midomo ya mwenyewe, maana Chiriku aliuimba pale kitini akimwelekea yeye.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipotoa maboksi nje. Baba alikuwa ameinama anafunga kamba kwenye mkokoteni, na Sindano alikuwa nyuma yake na mzigo wa nyaya begani, amefura, maneno yanamtoka kama mchanga kwenye gunia lililopasuka.

"Mjinga wewe! Mimi nikuonee huruma? Mimi? Nimekuvumilia vina vyako vibovu miaka yote, nishindwe kuvumilia masikio? Nimekunywa chai peke yangu wiki hizi zote kwa ajili ya upumbavu wako! Jumamosi tuna harusi, na utakuwa unageuka unitazame, utake usitake, nikikuonyesha mkono unanyamaza, nikikuonyesha kichwa unaingia, na dijei anayechungulia nyuma tutamwita dijei anayechungulia nyuma, liwalo na liwe! Unanisikia?"

Baba alikaza fundo, akalijaribu kwa kulivuta.

Sindano akafungua mdomo aendelee, akaufunga. Alinitazama. Akashusha nyaya chini, akazunguka mkokoteni mpaka mbele ya Baba, akasogea hatua moja ili jua limpige usoni, akamgonga begani. Baba akainua kichwa.

"Mjinga," alianza upya Sindano, polepole, neno moja moja, "wewe."